Dawa ya Meno Iliyogoma Kutoka

Kiwandani walimwita Bi Sukasuka, maana kazi yake ilikuwa kusukasuka vitu. Aliibana dawa ya meno katikati ya visahani viwili vya chuma, mashine ikakisogeza cha juu huku na huko, naye akasoma kwenye skrini jinsi dawa inavyokaidi. Wengine waliona ni mchezo wa watoto. Yeye aliipenda kazi hiyo kuliko usingizi.

Basi maduka ya mbali yakaanza kulalamika: tyubu zikiminywa, dawa haitoki. Meneja hakumung'unya maneno. "Dereva anaendesha lori kama anafukuzwa," alisema. "Ameiharibu dawa kwa kuirusharusha mashimoni."

Dereva mwenyewe alikuwa mume wa Bi Sukasuka. Jioni hiyo alisukuma sahani ya chakula kando. "Mke wangu, si unanijua? Naendesha taratibu mpaka baiskeli zinanipita."

"Nakujua," alisema mkewe. "Lakini kesho nitaiuliza dawa yenyewe."

Akaiuliza. Chembe za dawa ile zimebanana ovyo, bila safu wala mpangilio, kama zilivyo chembe za kioo. Ndiyo maana dawa husimama juu ya mswaki isimwagike. Bi Sukasuka aliisukasuka kwa nguvu, kama iko kwenye lori linaloruka mashimo. Ikalegea, ikawa laini. Akachukua nyingine, akaisukasuka kidogo kidogo asubuhi nzima. Chembe zikajitafutia pa kukaa, zikajibana vizuri zaidi, na kufikia mchana dawa ilikuwa ngumu kuliko ilivyotoka kwenye pipa. Akarudia tena, maana huyu ni mumewe na watu wana midomo. Jibu likawa lilelile.

Alicheka peke yake mpaka mlinzi akachungulia.

"Hukuirusha mashimoni," alimwambia mumewe, meneja akiwa palepale. "Umeibembeleza mno. Mtetemo mdogo wa safari ndefu ndio ulioikaza."

Dereva alishusha pumzi, kisha akakunja uso. "Kwa hiyo kosa langu ni kuendesha vizuri?"

"Ndiyo, baba watoto."

Meneja alikohoa, akamwomba dereva radhi. Maduka yakaambiwa yaziminyeminye tyubu kwa nguvu kabla ya kuzipanga, na malalamiko yakaisha. Dereva naye akawaringia wenzake kwamba upole wake umepimwa kwa mashine. Siku hizi akikimbiza lori na mkewe akamwambia apunguze mwendo, jibu analo mdomoni: anailinda dawa isikazwe na upole.