Makofi ya leo wodini

Leo mdogo wangu Claudine amepigiwa makofi wodini, na mimi hadi sasa nalia.

Nilifika asubuhi na chupa ya igikoma, ule uji wa kumletea mzazi maziwa.
Mtoto wake alifariki jana. Niliupika tu, sikujua nimpelekee nini kingine.
Kitanda bado ni kile kile, katikati ya wenzake na vichanga vyao.

Nesi wa zamu ya asubuhi akaanza somo la kila siku.
"Nani atuambie, miezi sita ya kwanza mtoto anapewa nini?"

Wote wanaona aibu.

Claudine wangu akanyoosha mkono. (Kliniki hakukosa huyu!)
"Maziwa ya mama tu. Hata maji hapana."

Makofi!

"Safi sana, mama! Hebu tuonyeshe mtoto."

Jamani.

"Alifariki jana," akasema, kama anayeomba radhi.

Nesi akashika mdomo. "Ihangane, mama, pole sana. Nisamehe."

"Endelea tu, dada. Wenzangu watahitaji."

Somo likaendelea. Nikammiminia uji, akaunywa wote.

Na maziwa yamekuja. Blauzi yote imelowa.
Mliopitia haya, niambieni: mnayafanyaje?