Saa Nane kwa Lugha Tatu

Nilipohamia Kitengela, miaka ya tisini ikielekea kuisha, sikuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia pole. Kwetu ni magharibi, huko ambako ukipiga chafya majirani watatu wanakuja kuuliza umekula nini. Kitengela ya wakati huo ilikuwa ploti, waya, upepo na vumbi. Nilikodi chumba cha mwisho kwenye mstari wa vyumba vitano, na Jumapili baada ya kanisa nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu, mradi tu mikono iwe na kazi. Upweke una aibu yake. Chumvi ikiisha unaenda kwa jirani kuomba, lakini utaenda useme nini ukikosa mtu wa kuongea naye?

Mwenye vyumba alikuwa mama mzee wa Kimaasai, mjane, na sisi wapangaji wote tulimwita Koko, yaani nyanya. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu kabla sijafika, kwa hivyo hakuwahi kuniona sura. Alinikodisha chumba kwa kusikiliza sauti. "Sauti yako si ya mtu wa fujo," aliniambia, na huo ndio ukawa usaili wangu. Jioni nikitoka kazini namsalimia, "Takwenya, Koko," naye anaitikia, "Iko," kisha ananisogezea kiti kwa mguu na kunimiminia chai. Katika Kitengela nzima, kiti hicho ndicho pekee nilichokaribishwa.

Pale kliniki walikuwa wamemwambia ana mtoto wa jicho kila upande. Koko akaligeuza jina hilo kuwa mzaha. "Mimi niko na watoto wawili ndani ya macho," alizoea kusema, "na hakuna hata moja inaweza kunitekea maji." Lakini siku moja alisema bila kucheka, "Nataka kuona mtu akiwa bado kwa geti, kabla hajanisalimia. Sasa kila mtu ananishtua." Nikamwambia angoje, kwamba ofisi yetu ilikuwa inaleta madaktari wa macho, na upasuaji ulikuwa wa bure.

Ofisi yenyewe ilikuwa Kajiado mjini, shirika dogo la mambo ya afya. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kupanga kurasa za mabango na vikaratasi vya kutangaza chanjo, maji safi, vyoo, mambo ya aina hiyo. Kila tangazo lilitoka kwa Kiingereza, Kiswahili na Kimaasai, na kila lugha ilikuwa na bango lake, kikaratasi chake na kadi yake. Hesabu mwenyewe: faili tisa kwa neno moja. Bosi alikuwa mtu wa kubadilisha mambo. Leo kambi ya macho ni Jumanne, kesho ni Alhamisi. Leo ni kanisani, kesho ni shule ya msingi. Na kila akibadilisha mimi nafungua faili tisa, na lazima moja niisahau, halafu naitwa mzembe.

Basi nikajigundulia njia. Nilitengeneza faili ndogo moja yenye mambo yasiyobadilika kwa lugha, tarehe na jina la mahali, nikaiunganisha na zile tisa kwa namna ambayo nikirekebisha hapo, zote zinajirekebisha. Wacha nikwambie, nilijiona fundi! Bosi aliwaita watu waje waone. Sikuzoea kusifiwa, na sifa zikaniingia kichwani.

Aliyetutafsiria alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko kompyuta yangu. Yeye saa aliiandika kwa maneno, "saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni", kwa Kiswahili na kwa Kimaasai. Nikamlalamikia kwamba maneno yanakula nafasi, kwa nini tusiweke tarakimu tu? "Mama," akaniambia, "saa iache kwa maneno. Saa ina ujanja." Nikacheka. Nilidhani ni uzee.

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa Nairobi, gari likiwa limeshawashwa nje, bosi akaingia mbio. Madaktari wangefanya asubuhi tu, kwa sababu mchana walitakiwa Isinya. Saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Yeye aliisema kwa Kiingereza, nane hadi moja. Mwalimu alikuwa ameshaenda nyumbani. Ningeweza kuandika maneno mapya kwa kila lugha, lakini mimi si nilikuwa fundi? Niliyafuta maneno ya mwalimu, nikaingiza saa kwenye ile faili ndogo: 8.00 – 1.00. Zile herufi za Kiingereza za kuonyesha asubuhi na alasiri nikaziondoa, kwa sababu hazikupendeza kwenye bango la Kimaasai. Faili zote tisa zikatii. Nikajipongeza na kufunga mashine.

Mabango yaliporudi nilibandika moja la Kimaasai kwenye mlango wa Koko kwa mikono yangu. Kisha nikaenda kulala Kajiado siku tatu, nikisaidia kupanga dawa na orodha. Nilimwambia, "Tutaonana huko huko shuleni, Koko." Akasema jirani anayeuza maziwa angemsomea karatasi na kumleta.

Asubuhi ya kambi nilikaa kwenye meza ya kuandikisha. Walikuja watu thelathini hivi, wote wa suti na mikoba, wafanyakazi wa maofisini waliotaka miwani ya kusomea gazeti. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Viti vilikuwa vitupu. Daktari mmoja alilala kwenye kiti. Bosi alikuwa anatembea huku na huku akisema, "Hawa watu hawajali afya yao, aki." Mimi macho yalikuwa njiani, namtafuta Koko, na hasira ilianza kunipanda kwamba hata yeye ameniangusha.

Saa saba kamili madaktari wakafunga masanduku, wakaondoka na bosi kwenda Isinya. Nilibaki kukunja vitambaa vya meza. Hapo ndipo niliwaona watu wakiingia getini. Wa kwanza walikuwa wazee wawili walioshikilia fimbo moja. Nyuma yao wengine kumi, wengine ishirini, wanashikwa mikono na wajukuu, wamevaa shuka safi. Katikati alikuwa Koko, amejipaka mafuta, amevaa shanga za sherehe, muuza maziwa akimwongoza.

"Tumekuja mapema," Koko alisema kwa furaha aliposikia sauti yangu. "Sikutaka kuchelewa."

"Koko, wameenda."

"Wameenda namna gani? Bado hata saa haijafika."

Muuza maziwa akakunjua bango na kuweka kidole. "Si hii hapa? Saa nane mpaka saa moja." Nikaangalia. Saa nane mpaka saa moja, mchana mpaka jioni, jambo la kawaida kabisa ambalo mtu yeyote angeliamini. Kwa Kiingereza ilikuwa sawa. Kwa lugha mbili nyingine nilikuwa nimewaita watu saa nzima baada ya mlango kufungwa. Mayi, mama yangu!

Watu walianza kuwatukana madaktari. Waongo, walisema, wanakuja kupiga picha na kwenda. Ningesema, "Ni mimi." Maneno mawili tu. Sikusema. Niliwaandika majina, nikawaahidi mwaka ujao, na walipotoka nikabandua mabango yote ya shule kabla bosi hajayasoma. Faili nikazirekebisha peke yangu, saa kwa maneno, na hakuna aliyejua.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu kuliko yote niliyokaa Kitengela. Koko aliendelea kunisogezea kiti, nami nikawa na visingizio. Nimechoka, niko na kichwa, nimeweka maji motoni. Mficha uchi hazai, tunasema, na mimi nilikuwa nimeficha uchi wangu mbele ya mtu asiyeona. Nikamshauri twende hospitali Nairobi. Akakataa, akasema binti yake wa Ngong amemwambia angoje wale madaktari wa bure. Nilishauri mara moja tu. Kumsihi kungetaka nieleze kwa nini najali sana.

Madaktari waliporudi nilimpeleka mwenyewe kukiwa bado na baridi, tukawa wa kwanza. Daktari alikuwa mgeni, hajui Kiswahili, kwa hivyo alisema kwa Kiingereza nami nikatafsiri. Aliangalia jicho la kushoto, akasema litapona, wangelifanya wiki hiyo hiyo Kajiado. Aliangalia la kulia kwa muda mrefu. Kisha akasema presha ya jicho imelimaliza, na kwamba wangemwona mwaka uliopita wangeliokoa. "Mwambie," alisema.

Ningeweza kuipunguza ile sentensi. Koko alikuwa amenishika mkono, anangoja.

"Anasema la kushoto litapona," nikamwambia. "La kulia limekufa. Anasema mwaka jana lingepona."

"Mwaka jana walikuja wakaenda," alisema Koko.

"Hawakuenda mapema, Koko. Mimi ndiye niliandika saa vibaya. Ile karatasi ni yangu."

Daktari aliuliza tumesema nini. Koko akaniachilia mkono, polepole, kidole baada ya kidole, akapapasa hewani mpaka akapata aproni ya muuguzi. "Wewe nipeleke," akamwambia.

Alifanyiwa upasuaji, kisha akakaa Ngong kwa bintiye wiki tatu. Nilizihesabu. Aliporudi nilienda mlangoni kwake kuomba msamaha kama inavyotakiwa, na sukari kilo mbili mkononi. Alikuwa ameketi nje akiangalia geti. Aliniona nikitoka dukani, upande wa barabara, na uso wake wote ukafunguka.

"Takwenya, mtoto wangu!" aliita kabla sijafika. "Karibu, karibu. Unatafuta nyumba? Iko moja hapo mwisho. Ile mama ya karatasi nataka itoke mwezi ikiisha."

Akasogeza kiti kwa mguu. Nikaketi na kuiweka sukari chini, nikamtazama akinitazama kwa lile jicho moja zima, anatabasamu. Sikuitikia salamu. Nilijua nikisema neno moja tu, atanitambua.