Deni Nililomdai Mdogo Wangu

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningependa sana kuisahau. Ilikuwa siku ya mkutano wa kijiji. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikakaa benchi la mbele, na mdomoni nilikuwa na neno moja tu nililolikariri kutoka redioni siku tatu mfululizo: deni la taifa. Usinicheke. Hata wewe maneno mengi unayoyasema kwa sauti kubwa umeyaokota mahali.

Nakuhadithia kwa sababu nimesikia wewe na kaka yako mmetupiana maneno kwenye lile kundi la ukoo la kwenye simu. Yeye anasema serikali ikope ijenge, wewe unasema matumizi yamezidi na wajukuu wenu watazaliwa wakidaiwa. Mmefika hadi kutukaniana wake na malezi ya watoto, ukajitoa kwenye kundi, na sasa hutaki hata kwenda kwenye kipaimara cha mwanawe. Mimi bibi yako sikukuita nikuamulie. Mambo ya mikopo yana wasomi wake. Mimi nina elimu ya jambo moja tu, nayo ni wivu.

Nina mdogo wangu, tumbo moja, anaitwa Namsifu. Hebu sikia jina lenyewe: hata kumwita tu lazima umsifu. Tulizaliwa huku juu mlimani Upareni, kijiji cha Maore unakiona kule chini tambarare kwenye joto, na sisi huku tunajifunika shuka mchana. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikafaulu, nikachaguliwa kwenda sekondari. Mwaka huo mama akaugua mgongo, hawezi kuinama wala kuinua ndoo. Baba akasema mkubwa abaki nyumbani. Nikabaki. Miaka minne baadaye mama amepona, Namsifu naye akafaulu, akaenda. Nilimbebea sanduku lake la bati kichwani mpaka barabarani. Nilimuaga nikicheka, na niliporudi nililima kutwa bila kumsemesha mtu.

Alirudi akiwa mwalimu. Akaolewa kijijini hapohapo, kisha akawa diwani wa viti maalumu. Miaka ile simu ya mkononi alikuwa nayo yeye na mwenyekiti wa kijiji, basi. Mtandao ulishika sehemu moja tu, kwenye jiwe kubwa juu ya kanisa. Kila jioni Namsifu anapanda jiweni, mkono kiunoni, anaongea na watu wa Same mjini, na kijiji kizima tunamtazama kutoka mashambani. Jamani, lile jiwe nililichukia. Nilikuwa nang'oa tangawizi huku nahesabu mara ngapi anacheka. Waswahili wameandika kwenye kanga kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda kweli, watu wakadhani nina vidonda vya tumbo.

Na yeye hakunikosea kitu, ndilo lililozidi kuniudhi. Kila akipita: "Shikamoo, dada." Akiwa na vikao vya halmashauri alishuka Same akalala huko siku mbili tatu, na watoto wake walikula kwangu. Aliwaleta na sukari na sabuni, akashukuru. Ningetamani asishukuru, nipate la kusema.

Sasa ndiyo likaja jambo la ndiva. Ndiva ni bwawa letu la udongo na mawe, walilichimba mababu. Jioni linazibwa lijae maji ya kijito, asubuhi linazibuliwa, kila shamba na zamu yake. Kila mwaka mbiu inalia, tunatoka wote kwa msaragambo, ndiyo kazi yetu ya pamoja, tunazoa tope. Lakini ndiva ilikuwa inavuja. Mwenye zamu ya mwisho alipata maji ya kunawa uso. Namsifu alihangaika mwaka mzima hadi kijiji chetu kikaingizwa kwenye mradi wa serikali wa kusakafia ndiva na mifereji kwa saruji. Fedha ilikuwa ya mkopo kutoka nje. Sisi tulitakiwa tukubali kwa mkutano, tutoe mawe, mchanga na nguvu zetu.

Shamba langu, mwanangu, lilikuwa la zamu ya mwisho. Nadhani umenielewa. Hakuna mtu kijiji kizima aliyeihitaji ile saruji kuliko mimi.

Namsifu alisimama akaeleza vizuri, kwa upole, karatasi mkononi. Alipomaliza tu nikanyoosha mkono. Nikauliza: mkopo huo riba yake kiasi gani, unalipwa kwa miaka mingapi, nani amehesabu matumizi, na kwa nini watoto wangu wadaiwe na mzungu wasiyemjua kwa ajili ya ndiva ambayo babu yao aliichimba kwa jembe? Namsifu akafungua karatasi zake, akatafuta, hakupata jibu. Niliona shingo yake ikitoka jasho, na utamu nilioupata siwezi kukuficha. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Sikuishia. Nilisema: "Huyu anatufundisha matumizi ya serikali, na watoto wake mwenyewe hajui jana wamekula nini. Nyumba yake imemshinda, ataiweza nchi?"

Wanaume wakapiga makofi. Walikuwa na lao siku nyingi kuhusu mwanamke anayelala mjini, nami niliwafungulia mlango. Na mimi nilijua vizuri watoto wa Namsifu wamekula nini jana. Walikula makande, jikoni kwangu, kwa mkono wangu.

Mkutano ukakataa. Mradi ukahamishiwa kijiji kingine. Watu wa tambarare hututania Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mimi niliuza maji ya kijiji kizima, na yangu yakiwemo, na kuku mwenyewe niliyekuwa nikimgombania ni sauti ya mdogo wangu juu ya jiwe.

Kesho yake nikakutana naye njiani kwenye migomba. Alikuwa amevimba macho. Akasimama pembeni anipishe, akasema, "Shikamoo, dada." Nikapita. Sikuitikia. Unajua kwetu maana ya kumnyima mtu marahaba? Ni kumwambia sijakuona, hukuzaliwa. Alinisalimia hivyo kiangazi chote, kanisani, dukani, kisimani, na kila mara niliinua kidevu nikapita. Watoto wake wakaacha kuja kwangu. Sufuria ya makande ikawa inabaki, nikawa nampa mbwa, na nikajiambia nimeshinda.

Aliyenishika ni mama yangu. Alikuwa mzee, anaishi kwangu. Siku moja mchana tumekaa uani tunachambua maharage, ungo mmoja kati yetu, nami namwelezea kwa mara ya kumi jinsi mikopo ya serikali itakavyoimaliza nchi. Mama akaendelea kutoa vijiwe. Kisha akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, kama alivyozoea.

"Mama Elia, tangu lini umeijali hazina ya serikali?"

Nikamjibu kwamba mimi ni raia, nina haki ya kuuliza.

"Unayo. Lakini wewe huidai serikali. Unamdai mdogo wako ile shule." Akasukuma ungo pembeni. "Na yeye hakukuibia. Alikuwa mtoto, hakuulizwa. Aliyekubakiza nyumbani ni baba yako, na mgongo uliokuwa unauma ni wangu. Dawa ya deni ni kulipa, nami nimezeeka, sina cha kukulipa. Nidai mimi, mwanangu. Muache mwenzio."

Halafu mama yangu, mtu mzima wa kuitwa bibi na nusu ya kijiji, akaniambia nimsamehe. Mwanangu, nilitamani anipige. Nililia mpaka kamasi zikaingia kwenye maharage, yeye akawa ananitazama tu. Nilipotulia nikamwambia nitakwenda jioni kwa Namsifu tupatane. Akakataa. Akasema neno nililolitoa mkutanoni nilirudishe mkutanoni, maana jikoni ndiko tunakoficha. Ni kweli wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, dole unalifunga kitambaa ukiwa peke yako.

Nikasubiri mkutano wa robo mwaka uliofuata. Ilipofika ajenda ya mengineyo nikasimama, kitenge kilekile. Nikasema: "Sikupinga mradi kwa sababu ya deni. Nilimwonea wivu mdogo wangu. Watoto wake walikula kwangu, na nilijua." Nikakaa. Mzee mmoja akaguna, kisha watu wakacheka, wakacheka kweli, na walikuwa na haki. Mimi nilitazama miguu yangu. Nikaona viatu vya mtu vimesimama mbele yangu, na sauti ikasema, "Shikamoo, dada." Nikaitikia. Marahaba yenyewe ilinitoka kama kikohozi, lakini ilitoka.

Ungedhani hadithi imeisha hapo, sisi tumekumbatiana, mama amefurahi. Na mimi nilidhani hivyo. Ningekuwa mzee wa kukupendeza tu ningekuachia hapo uende.

Mradi ulirudi mwaka uliofuata, Namsifu aliupigania upya. Safari hii mkutano ulikubali kwa nyimbo. Hakuna aliyeuliza kitu. Kijana mmoja alijaribu kuuliza kuhusu ule mkopo na nani atamsimamia mkandarasi, watu wakamzomea: "Na wewe una wivu na mama diwani?" Akakaa, amefedheheka. Mimi nilikuwepo, benchi la tatu, maswali yangu yote manne ninayo kichwani, na sikuthubutu kufungua mdomo. Ningeanzia wapi? Mtu akishakiri hadharani kwamba aliuliza kwa wivu, nani atamsikiliza tena akiuliza kwa nia njema?

Mkandarasi akaja, akasakafia, akapiga picha, akaondoka. Masika ya pili ukuta wa ndiva ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Saruji ilikuwa kidogo, mchanga mwingi. Maji yakateremka usiku huo yakachukua shamba langu la tangawizi na migomba ya jirani zangu wawili. Tukarudi kwenye udongo na mawe, tukapigiwa mbiu, tukaingia msaragambo. Na ule mkopo, mwanangu, haukupasuka. Ule upo mpaka leo, nchi inaulipa, na wewe umo humo ndani.

Siku ya kuziba ufa Namsifu alikuja na jembe, akavua viatu, akaingia kwenye tope karibu yangu. Tulipokezana mawe muda mrefu. Mwishowe akaniambia, bila hasira, "Dada, siku ile ya kwanza maswali yako yalikuwa mazuri. Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikayaandika yote. Nilitaka nikuite tukakae, unisaidie kuyauliza halmashauri. Nikaogopa kuja, hata baada ya sisi kupatana. Uliniuliza ili nianguke, hukuniuliza ili ujue."

Nikainama nikapokea jiwe alilonipa, nikaliweka.

Sasa basi. Kuuliza si ujinga, na sikukatazi kuuliza. Nchi isiyoulizwa inakopa kama mlevi, na anayesema watu wasihoji matumizi ya serikali ananiudhi kuliko wewe. Bishana na kaka yako. Mwambie amekosea, akuambie umekosea. Ila kabla hujaandika neno kwenye hiyo simu, jiulize unamdai nani. Kaka yako baba alimpa kiwanja cha barabarani, wewe akakupa cha bondeni. Sote tunajua, na tunajua hukulisahau hilo. Kama ni kiwanja, nenda ukaseme kiwanja, mbele ya baba yako angali hai wa kujibu. Usimpige mwenzio kwa fimbo ya taifa. Na mke wake na malezi ya watoto wake uyatoe kabisa mdomoni, maana ukishaingia hapo hakuna tena hoja, kuna ugomvi wa nyumba tu, na ndugu wakigombana jirani hachukui jembe kwenda kulima, anachukua kiti akae atazame.

Wivu wenyewe sikwambii utakwisha. Mimi ni bibi kizee na Namsifu juzi amevaa miwani mipya, nikaona moyo wangu umeruka kidogo. Nimemwambia. Akanivalisha, ikanikataa, tukacheka. Ukiusema wivu mapema kwa yule unayemwonea unapungua nguvu. Ukiuficha unajifunza kuongea lugha ya wakubwa, unavaa suti, unataja riba na bajeti, na wewe mwenyewe unauamini. Hapo ndipo unapoharibu hata maswali ambayo nchi ilikuwa inayahitaji.

Nenda kwenye kipaimara, mwanangu. Ukifika, akikusalimia, itikia. Mungu wa milima hii aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe. Akupe ulimi wa kuuliza bila kuchoka na moyo usiotaka mtu aanguke ndipo upate jibu, na mimi bibi yako nakuwekea mkono kichwani: ukapate ndugu kabla hujapata ushindi.