Bega Langu na Lango la Utete

Siku yangu ya kwanza langoni, kocha wa timu ya wasichana Ikwiriri hakunipa glovu. Alinisimamisha katikati ya milingoti ya mikoko, akawaita mabeki, akawaagiza wanivamie kila mpira wa juu unapoingia. Wa kwanza niliudaka, na papo hapo nikaangushwa kifudifudi kwenye udongo mkavu.

"Mwajuma, hapa krosi hatudaki," alisema. "Tunapiga ngumi. Ukiinua mikono yote miwili, mbavu umeziacha wazi."

Ligi ya wilaya ndivyo ilivyokuwa. Mipira mirefu, washambuliaji wanakuja na viwiko, mwamuzi yuko mbali. Kipa alihitaji mabega mapana na roho ngumu.

Baadaye nikachukuliwa na timu moja ya Dar es Salaam. Kocha wa makipa, mama mkali aliyewahi kudaka mwenyewe, alinitazama mazoezini kisha akanisimamisha.

"Mikono tumeiona. Miguu iko wapi?"

Kule mpira ulitembea chini, kwa kasi, kwenye nyasi zilizomwagiwa maji. Kipa alisimama mbali na lango lake, akipokea pasi kama beki. Krosi aliidaka kwa mikono miwili, goti moja mbele kujikinga, maana ngumi inaweza kumrudishia adui mpira. Nilikonda. Mapaja yaliniuma hata kurukuu kwenye swala ikawa taabu. Lakini nilijifunza, nikadaka kule mpaka nilipoolewa, nikahamia Kibiti.

Timu ya Kibiti ilinisajili. Tukafika mechi ya kuamua nani apande daraja, Utete, dhidi ya wenyeji. Kabla hatujaingia uwanjani meneja wetu alituambia, "Mfadhili amechoka. Msipopanda leo, timu inavunjwa."

Tuliongoza bao moja. Dakika zikiwa zinayoyoma, wenyeji wakapata kona.

"Ngumi, da Mwaju! Ngumi!" alipiga kelele nahodha wetu, Pili.

Mpira ulikuja polepole, mikono yangu ikapanda yote miwili, kama nilivyozoezwa Dar. Nikaudaka. Mshambuliaji wao namba tisa akanigonga kutoka kushoto, nikasikia kitu kinakatika begani. Nilianguka nimeukumbatia mpira. Filimbi haikulia.

Pili aliniinamia. "Toka, dada."

"Ataingia nani?"

Alitazama benchi letu. Nafasi za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimekwisha.

"Basi niinue."

Mkono wa kushoto ulining'inia tu. Wenyeji waliuona. Tulipoupoteza mpira, hawakukawia kupenyeza pasi katikati ya mabeki wetu, na namba tisa akabaki na mimi, ana kwa ana. Nilijua atapiga kushoto kwangu, kwenye mkono mbovu. Kwa hiyo nikasogea kuelekea mlingoti wa kushoto, nikauacha upande wa kulia wazi kabisa.

"Mwaju, unafanya nini?" Pili alilia.

Namba tisa aliutazama mkono wangu, akalitazama lile pengo. Nilikaza miguu nisiondoke mapema. Nikiwahi tu, angebadili. Akapiga kwenye pengo. Nikajirusha kulia, vidole vikaugusa mpira, ukagonga mlingoti ukatoka nje. Filimbi ya mwisho niliisikia nikiwa chini.

Hospitalini daktari alisema mtulinga umevunjika na bega limeharibika. Nisitegemee kudaka tena. Timu ilipanda bila mimi. Nililia sana msimu ule, sifichi. Kisha nikawa kocha wa makipa wa mabinti wa Kibiti, hadi mwaka jana nilipostaafu. Waliponiuliza ngumi au kudaka, niliwajibu: tazama kwanza unacheza ligi gani, na nani anakujia.

Siku hizi nguo za kwenye kamba ya juu anaanika mume wangu, kanga zangu zikiwemo. Majirani wakimcheka, anawajibu bila kugeuka:

"Mkono wake aliuacha Utete. Tulipanda daraja, au hamkumbuki?"

Kisha anaomba apewe vibanio.