Miraba ya Kikosi cha Baba

Bakora ya baba yangu ilimpata mume wangu kwenye sikio la kushoto. Kabla hajaanguka ikampata tena, safari hii kwenye mfupa wa shavu, nami niliyekuwa nimesimama na wanawake upande wa pili wa njia nikausikia mfupa ukivunjika. Mazumari yalinyamaza moja moja. La mume wangu ndilo lililochelewa, maana mfuko wake ulikuwa bado umejaa pumzi, ukaendelea kulia chini ya mwili wake mpaka ukaisha.

Tulikuwa Qurayyat, mji wa pwani usio mbali na Muscat, alasiri, harusini kwa binamu ya mume wangu. Bwana harusi alikuwa ndiyo kwanza katolewa nyumbani kwao, udi unanukia, watu wanapiga picha. Baba alikuwa na umri wa kupewa kiti na maji kila anapofika. Hakuna aliyedhani mzee yule angeweza kumwangusha mwanamume wa makamo. Mimi nilijua anaweza.

Baba alitoka Unguja akiwa kijana, akaja Muscat na Kiswahili chake na Kiarabu cha chuoni, cha kusomea Kurani tu. Akifungua mdomo dukani, watu wanacheka. Jeshi likamchukua, na kwa kuwa alikuwa na kifua kipana likamtia kwenye bendi, likamfundisha kupiga kiriba, yale mazumari ya mfuko yanayopigwa kwenye gwaride. Wapigaji wa kikosi chake walivaa begani shuka nzito ya sufu yenye miraba, kijani kilichoiva na buluu, na mstari mwembamba mwekundu ukikatiza. "Tangu siku niliyoivaa," aliwahi kuniambia, "hakuna tena aliyeniuliza nnatoka wapi."

Shuka hiyo alikaa nayo hata baada ya kustaafu, ndani ya sanduku, imefungwa kwenye kanga ya mama. Siku moja, sisi tungali wadogo, kaka yangu aliitoa akajifunga shingoni kuchezea. Baba alimpiga kwa mkanda, upande wa chuma. Mama alipomlalia kaka kumkinga, mkanda ukaendelea kushuka juu ya mgongo wa mama. Kisha baba akaichukua shuka, akaikung'uta vumbi, akaikunja vizuri, akaenda kutawadha. Damu ya kaka tuliipangusa sisi wenyewe sakafuni.

Basi ndiyo maana nilimwambia mume wangu, "Muulize kwanza."

Mama alipofariki, baba alihamia kwetu Mawaleh. Niliogopa sana, lakini wakapatana mno, wawili hawa. Mume wangu ni mtu wa ofisini, kazi yake kompyuta, na kwa utulivu wake sikutegemea kama angependa kitu chenye makelele vile. Akamwomba baba amfundishe kiriba. Nyumba ikageuka kambi. Baba anapiga mkono wa kiti kwa kiganja, anahesabu, anatukana, na mume wangu mashavu yamemvimba, macho yamemtoka, anacheka. Baadaye akajiunga na kundi la wenzake wa mtaani wanaopiga kwenye harusi. Walipotaka sare, yeye ndiye aliyechukua picha ya zamani ya baba, akaenda nayo kwa fundi mmoja wa nguo kule Ruwi, wakasaka kitambaa kinachofanana, miraba ileile, rangi zilezile. Begani akabandika na beji ya shaba, ya mfano wa ile ya kikosi.

"Nikimuuliza, si zawadi tena," aliniambia. "Nnataka aione tu, kwa ghafla. Atalia, utaona."

Pale Qurayyat baba aliiona. Alinyanyuka kitini polepole, akaingia katikati ya njia, wapigaji wakapunguza mwendo wakidhani mzee anataka kucheza.

"Nani kakupa?" baba aliuliza, akigusa shuka kwa ncha ya bakora.

Mume wangu alitoa zumari mdomoni, huku anatabasamu. "Nimeinunua, ami." Ndivyo alivyomwita tangu posa.

"Umeinunua."

"Ruwi. Ni kwa ajili yako, ami."

"Na beji?"

Hakupata nafasi ya kujibu.

Walimshika baba watu wengi, naye bado anarusha mateke, kilemba kimemwanguka. Mmoja wa vijana wa kundi alimpiga ngumi ya tumbo, ndipo akatulia. Mume wangu tulimlaza kiti cha nyuma cha gari, damu inamtoka sikioni hadi kwenye shingo ya kanzu. Hospitali walisema ngoma ya sikio imepasuka, shavu lifungwe kwa vyuma vidogo. Polisi alipokuja, mume wangu alisema ni mambo ya nyumbani, hashitaki. Nikadhani amesamehe.

Baba naye alikuja hospitali na halwa. Akasimama mguuni pa kitanda.

"Sikukupiga wewe," alisema. "Nilipiga ile nguo."

"Sikio ni langu, ami," mume wangu akamjibu, kisha akageukia ukutani.

Mume wangu aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alipita moja kwa moja ndani. Nilikuwa nimemtilia baba kahawa sebuleni, birika bado mkononi, nikamwona mume wangu anatoka chumba cha baba na shuka yenyewe, ile ya asili. Akaja nyuma ya kiti, akamzungushia baba shingoni, akaikaza.

"Na wewe nani kakupa?" Sauti haikuwa yake. "Sema! Nani kakupa?"

Uso wa baba ulibadilika rangi. Miguu ikapiga meza, vikombe vikamwagika. Nilimpigia kelele mume wangu, hasikii, au ndiyo alikuwa hataki kusikia. Nikainua birika nikampiga nalo kifundo cha mkono, kwa nguvu zangu zote. Kahawa ya moto ikatumwagikia watatu sote. Akapiga yowe, akaachia. Birika lilikuwa bado mkononi mwangu, na nnakumbuka nilikuwa tayari kumpiga la kichwa. Yeyote kati yao.

Baba alikohoa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruzika, "Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna aliyenipa. Nilimvua maiti."

Akatuhadithia akiwa amekaa palepale, kahawa inamchuruzika miguuni. Ujanani mwake jeshi lilipigana na waasi kusini mwa nchi, na vitani wapiga kiriba ndio waliobeba machela. Kule milimani kusini kombora liliangukia walipokuwa, likamkata mguu mwenzake, mtu wa Unguja kama yeye, ndiye aliyemfundisha kupiga. Baba alimfunga paja kwa shuka ya yule bwana mwenyewe, akaikaza kwa mtutu wa bunduki. Mwenzake alimng'ata mkono kwa maumivu mpaka akakata roho, meno hayakuachia, ikabidi ayafungue kwa vidole. Shuka baba aliifua mtoni. Alitakiwa airudishe stoo. Hakuirudisha. Ya kwake mwenyewe, aliyopewa kihalali, ndiyo aliyoirudisha siku ya kustaafu.

Mume wangu alikaa chini sakafuni, mkono umemvimba. Hakuomba radhi. Wala baba hakuomba.

Kaka alikuja kumchukua baba, akaenda kukaa naye Sidab. Wiki hiyohiyo kundi la mume wangu likamfuata mstaafu mmoja aliyewahi kuongoza bendi ya jeshi, kumuuliza kama walikosea. Mume wangu nilimpeleka mimi, maana daktari alimkataza kuendesha gari. Mzee alitukaribisha tende, akalisikiliza jambo mpaka mwisho.

"Kisheria kitambaa ni kitambaa," alisema. "Fundi anauza, wewe unanunua. Lakini beji iondoe leo, hiyo ni ya aliyetumikia. Medali vilevile. Na miraba ya kikosi, kama hukutumikia, nenda kwa waliotumikia uwaombe. Wengi watakwambia vaa, wataona fahari. Akiwapo mmoja akasema hapana, usivae mbele yake."

"Na akiwa hana haki nayo mwenyewe?" mume wangu aliuliza.

Mzee alimtazama shavu lile lenye nyuzi. "Hapo ndipo usimuulize sababu."

Beji mume wangu aliitupa njiani kupitia dirisha la gari. Sare wakashona nyingine, ya rangi moja, kahawia. Bado anapiga. Harusini watu wanasema hajabadilika, mimi nnasikia anavyokosea noti za juu.

Sikukuu iliyofuata tulikwenda Sidab. Kaka aliweka sinia moja ya wali na samaki, tukala pamoja, baba upande mmoja, mume wangu upande wa pili, mimi katikati. Walisalimiana, wakaulizana hali, wakazungumzia joto. Katikati ya chakula baba alichambua mnofu wa mgongo, akautoa miba kwa uangalifu, akausukuma upande wa mkwewe. Mume wangu aliutazama. Akaendelea kula wali wake mweupe, akiuzunguka.

Ulipopoa, nikaula mimi.