Nyumba ya Barafu Ludara

Mvua ya mawe iliyopiga Ludara wiki iliyopita iliacha uwanja wangu mweupe kabisa, na mimi, mtoto mgongoni, nikakumbuka picha ya kitabu cha jiografia, nyumba za barafu, nikachukua beseni nikaanza kuzoa, kushindilia, kupindua, mpaka kikasimama kijumba cha kunifika kiunoni, chenye mlango. Jirani akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua.

“Mama mtoto, hapana chezea! Hiyo kitu inaachwa iyeyuke yenyewe. Ukiiweka, mvua itarudi kutafuta yake!”

Kila mtu hapa anajua hivyo, na mvua ikirudi, nitakayetajwa ni mimi. Watu wakajaa, hakuna aliyesogea karibu. Nikainua jembe nibomoe, ndipo akaingia bibi wa ukoo wa waomba mvua, ambaye maharage yake yote yalikuwa yamelala matopeni.

“Wacha jembe,” alisema. Akavua ndala, akapiga magoti, akaingia kichwa kwanza. Tuliona nyayo zake tu.

“Bibi, ndani iko namna gani?” jirani akauliza.

“Iko mwanga,” sauti ikatoka. “Mwanga ya buluu.”

Alipotoka, barafu ilikuwa inamdondoka kwenye nywele. “Tangu niko msichana hii kitu inaniulia shamba,” akasema polepole. “Leo ndiyo naona uso yake. Leta mtoto, na yeye aone.”

Mvua ikirudi sijui watanifanya nini, bado naogopa, lakini nilimfungua mtoto mgongoni nikatambaa naye ndani ya ile buluu.