Fidla Zilizoleta Msiba Nyakato

Juzi redio ilipiga muziki wa fidla wa mtunzi wa Ukraine, nikautambua. Niliusikia utotoni, mtaani kwetu Nyakato, alasiri moja yenye harufu ya dagaa. Madukani betri hazikuwepo, na baba alikuwa amezianika za zamani juani zipate nguvu ili asikilize redio kidogo.

Shangazi akaingia, akajifunga kanga kiunoni, akapiga yowe.

“Redio ikiliaga hivi, kiongozi amekufa!”

“Dada, hakuna msiba! Niache nisikie mwisho!”

Majirani wakajaa mlangoni. Nami nikamlilia marehemu. Baba alipomaliza kuwafukuza, betri zilikuwa zimekwisha.

Sasa najua mtunzi aliutoa kwenye wimbo wa harusi wa kijijini kwao. Nikampigia shangazi kumweleza.

“Harusi?” akafoka. “Basi huyo binti walimwoza kwa nguvu!”